Bechu, Seepersad Naipaul na magazeti yaliyofukuliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapozungumzia maandishi ya Wahindi wa Karibi, hasa ya Bechu, kibarua wa mkataba huko Guyana, na ya Seepersad Naipaul, mwandishi wa habari wa Trinidad, maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake. Anayeanza aanzie juu. Anayejua historia ya mashamba ya miwa aruke hadi swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Wahindi walifikaje Karibi?

Walipelekwa na meli za mkataba. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa mwaka 1834, na mwaka 1838 watu waliokuwa watumwa wakawa huru kabisa. Wenye mashamba ya miwa hawakutaka kulipa mshahara ambao mtu huru angeudai, wakaenda kutafuta vibarua India. Tarehe 5 Mei 1838 meli ya Whitby ikatia nanga Guiana ya Waingereza, nchi tunayoiita leo Guyana. Trinidad ikapokea meli yake ya kwanza, Fatel Razack, tarehe 30 Mei 1845. Hadi safari hizo zilipokoma mwaka 1917, karibu watu 239,000 walikuwa wamepelekwa Guyana, karibu 144,000 Trinidad, na karibu 36,000 Jamaika.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitano kwa shamba moja. Mfanyakazi hakuruhusiwa kutoka shambani bila cheti cha ruhusa, na kukosa kazi lilikuwa kosa la jinai: mtu alifungwa jela kwa jambo ambalo kwa mfanyakazi mwingine ni ugomvi wa mshahara tu. Anayelijua neno *manamba* la mashamba ya mkonge ya Tanganyika hahitaji maelezo marefu. Mtu alikuwa namba kwenye daftari la shamba.

2. Bechu ni nani?

Bechu ni mmoja wa hao manamba, ila alishika kalamu. Alikuwa Mbengali, yatima, aliyelelewa na kufundishwa Kiingereza na mama mmoja mmisionari huko Calcutta. Aliwasili Guyana Desemba 1894 kwa meli ya Sheila, akapangiwa shamba la Enmore katika pwani ya mashariki ya Demerara. Mwili wake haukuhimili kazi ya miwa, akapewa kazi za nyumbani kwa wakubwa wa shamba.

Novemba 1896, akiwa bado chini ya mkataba, alianza kuandika barua kwa mhariri wa Daily Chronicle la Georgetown. Aliendelea hadi mwaka 1901. Zilichapwa, zikajibiwa kwa hasira, naye akajibu tena. Kisha zikasahaulika.

3. Kusema maandishi “yamefukuliwa” maana yake nini? Si yalikuwepo siku zote?

Yalikuwepo, kama maji yalivyo chini ya ardhi. Gazeti la kila siku huchapwa lisomwe asubuhi na jioni lifungie samaki. Barua ya msomaji haiingii kwenye orodha ya vitabu na haina ukurasa wake maktabani. Mara nyingi hata jina la mwandishi limefichwa. Ili ionekane tena, lazima mtu akae afungue gazeti siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, anakili, alinganishe, atafute maelezo ya kila mtu na kila mahali panapotajwa, kisha achape upya.

Kwa hiyo kufukua ni kazi ya mikono na macho kabla ya kuwa kazi ya nadharia. Nalisema hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kazi inaanzia kwenye kufasiri. Haiwezi kuanzia hapo kama hakuna maandishi mezani.

4. Nani aliyezifukua barua za Bechu?

Clem Seecharan, mwanahistoria mzaliwa wa Berbice, Guyana, ambaye alifundisha miaka mingi London na sasa ni profesa mstaafu wa London Metropolitan University. Kitabu chake kuhusu Bechu kilitoka mwaka 1999. Kwanza kuna utafiti wa maisha na wakati wa Bechu, kisha msomaji anakabidhiwa barua zenyewe na ushahidi wake. Mwaka 2001 Seecharan alifanya hivyo hivyo kwa Joseph Ruhomon, kijana wa Kihindi aliyezaliwa Guyana ambaye mwaka 1894 alitoa mhadhara juu ya maendeleo ya Wahindi nyumbani na ughaibuni, ukachapwa kama kijitabu.

Ninachompendea Seecharan ni kwamba yeye mwenyewe ni mjukuu wa mashamba hayo. Watu anaowaandikia historia ni wa ukoo wake. Hata hivyo hawapambi: anaonyesha ujasiri wa Bechu, na anaonyesha pia kwamba Ruhomon na wenzake waliijenga fahari yao juu ya India ya vitabuni, India ya kale yenye utukufu, mbali kabisa na vijiji ambavyo wazazi wao walivikimbia.

## Kuhusu Bechu

5. Barua zake zilisema nini hasa?

Alishika sheria ya mkoloni akaisoma kwa sauti. Huo ndio ulikuwa ustadi wake. Sheria ilisema mwanamume mwenye nguvu alipwe si chini ya senti 24 kwa siku. Bechu akauliza: mbona hawalipwi? Sheria ilimpa mfanyakazi haki ya kumshtaki mwajiri. Bechu akauliza: tangu lini mwajiri akafungwa kama anavyofungwa mfanyakazi? Serikali ilikuwa na ofisi nzima ya kuwalinda wahamiaji. Bechu akaonyesha kwamba maofisa wake walikula na kulala kwa mameneja wa mashamba.

Jambo lililowachoma zaidi wenye mashamba lilikuwa la wanawake. Mameneja na wasimamizi wa Kizungu waliwachukua wanawake wa Kihindi, wengine wakiwa wake za wafanyakazi wao wenyewe, na fujo nyingi za mashambani zilianzia hapo. Wiki chache kabla ya barua yake ya kwanza, Oktoba 1896, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa shamba la Non Pareil, si mbali na Enmore, na watu watano wakafa. Bechu aliandika damu ikiwa bado mbichi, na alilitaja jambo la wanawake waziwazi wakati wengine walilizunguka.

Jambo moja dogo kuhusu ile ofisi. Kati ya 1858 na 1880 mkuu wake alikuwa James Crosby, mtu aliyejitahidi kuwatendea haki Wahindi. Baada ya yeye kuondoka, wafanyakazi waliendelea kuiita ofisi hiyo kwa jina lake. Mtu mwenye shida alisema anakwenda kwa Crosby, ingawa Crosby hakuwepo tena. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya mtu kumtumainia mkubwa mmoja mwema badala ya sheria.

6. Je, kweli aliandika mwenyewe?

Wenye mashamba waliuliza hivyo hivyo. Walishindwa kuamini kwamba kuli aweza kuandika Kiingereza kile, wakashuku kuna mkono wa mtu mwingine nyuma yake. Jibu alilitoa mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 1897, mbele ya Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Sir Henry Norman, iliyokuwa ikichunguza hali ya makoloni ya sukari. Alifika, akahojiwa, akajibu. Mtu anayeandikiwa na mwingine haendi kusimama mahali kama pale.

Naomba tujihoji kabla ya kuuliza swali hili. Barua za meneja wa shamba katika gazeti lile lile hakuna anayeuliza nani alimwandikia.

7. Ilimgharimu nini?

Alishtakiwa kwa kashfa baada ya kumwandika meneja mmoja wa shamba. Kesi ilisikilizwa mara mbili, na mara zote mbili watu wa juri walishindwa kukubaliana. Hakufungwa. Lakini fikiria mtu asiye na mali wala ndugu akisimama kizimbani mara mbili katika koloni ambalo sukari ndiyo serikali. Mwaka 1901 aliondoka Guyana. Baada ya hapo sauti yake haisikiki tena.

## Kuhusu Seepersad Naipaul

8. Huyu ni baba wa V. S. Naipaul, yule mwandishi wa riwaya?

Ndiye, na anastahili kusomwa hata kama mwanawe asingeandika sentensi moja. Alizaliwa Trinidad mwaka 1906, akaanza kuliandikia Trinidad Guardian mwaka 1929 kutoka Chaguanas, eneo la miwa lenye Wahindi wengi. Mhariri wake alikuwa Mwingereza Gault MacGowan, aliyetaka habari zenye uhai: ugomvi wa vijijini, harusi, vituko vya uchaguzi, ushirikina. Seepersad pia aliandika safu kuhusu mambo ya Wahindi akijiita “The Pundit”.

Mwaka 1943 alichapa hadithi zake kuhusu Gurudeva, kijana mkorofi wa kijijini anayetaka kuwa bingwa wa kupigana kwa fimbo. Alifariki mwaka 1953. Mwanawe alipochapa riwaya ya Mr Biswas mwaka 1961, mhusika mkuu alikuwa mwandishi wa habari masikini anayetafuta nyumba yake mwenyewe. Mfano wake alikuwa baba.

9. Kisa cha mbuzi ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kinaeleza vizuri kwa nini magazeti ya zamani hayana budi kusomwa.

Miaka ile Trinidad ilikuwa na kichaa cha mbwa cha aina ya kupoozesha, kilichoenezwa na popo wanyonya damu. Daktari wa Trinidad, Joseph Pawan, ndiye aliyekithibitisha chanzo hicho. Mifugo ilikufa, serikali ikataka ichanjwe. Juni 1933 Seepersad aliandika kwamba baadhi ya wakulima wa Kihindi walikwepa chanjo na badala yake wakamchinjia mbuzi mungu wa kike Kali. Aliandika kwa kejeli ya mtu wa mageuzi aliyeona mambo hayo ni ya giza.

Kisha akapokea barua isiyo na jina, iliyoandikwa kwa Kihindi, ikimwambia kwamba atakufa baada ya siku chache asipomtolea Kali mbuzi yeye mwenyewe. Mwanzoni alijigamba kwamba hatafanya. Familia ikambana, watu wakambana, naye akachinja. Habari ikasafiri hadi New York, ambako Herald Tribune iliitangaza tarehe 24 Juni 1933. Seepersad mwenyewe aliigeuza kuwa habari ya kuchangamsha, akiwaarifu wasomaji kwamba bado yu hai.

Lakini haikuwa mzaha. MacGowan aliondoka Trinidad mwaka uliofuata, na Seepersad akaugua akili na kupoteza kazi. V. S. Naipaul hakujua habari za mbuzi hadi alipokuwa mtu mzima mwenye jina, ndipo makala za zamani zilipomfikia. Alipomuuliza mama yake wazimu wa baba ulikuwaje, akajibiwa kwamba siku moja alijitazama kwenye kioo asijione, akaanza kupiga mayowe. Mwana ameyaandika haya katika kumbukumbu zake za mwanzo wa uandishi, zilizotoka kama kitabu mwaka 1984.

Tazama kilichotokea hapo. Familia ilinyamaza karibu miaka arobaini. Gazeti lilikuwa limeandika tarehe zote.

10. Kwa nini wasomi wa fasihi wahangaike na habari za gazeti?

Kwa sababu katika makoloni gazeti lilitangulia kitabu. Kuchapa kitabu kulihitaji fedha na mchapaji. Gazeti lilihitaji makala kila asubuhi. Msomaji wa Kiswahili analijua hili kutoka Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, ambalo kurasa zake za mashairi zilimfikisha Shaaban Robert kwa watu.

Kwa Seepersad jambo linaonekana wazi zaidi. Ukisoma makala zake kando ya hadithi zake utaona jicho ni lile lile: umati uwanjani, mzee anayedai heshima asiyonayo, lugha ya kijijini iliyosikika sawasawa. Alijifunza kusimulia akiwa kazini. Wengine huyaona makala hayo kama malighafi ya riwaya za mwanawe tu. Siafiki. Mwenye shamba alikuwa baba, mwana alirithi.

## Kwetu Afrika Mashariki

11. Haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa watu wenyewe. Mwaka huo huo wa 1896, Bechu alipokuwa akiandika Georgetown, vibarua wa mkataba kutoka India walikuwa wakishuka Mombasa kujenga reli ya kwenda Uganda. Kufikia 1901 walikuwa wamekuja karibu 32,000. Karibu 2,500 walikufa na zaidi ya 6,000 wakabaki. Sheria iliyowafunga ilikuwa ndugu ya ile ya Demerara.

Lugha nayo inakumbuka. *Makuli* wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam wana jina lile lile alilotukanwa nalo Bechu. Na Wahindi wa Karibi waliosafiri meli moja waliitana *jahaji bhai*, ndugu wa jahazi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo.

Yupo pia Walter Rodney. Watu wengi wa Dar es Salaam wanamkumbuka kwa kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya na Afrika, alichokitoa akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wachache wanajua kwamba baadaye, akiwa amerudi Guyana, alikaa na nyaraka na magazeti ya zamani akiandika historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905, Waafrika na Wahindi pamoja. Aliuawa Juni 1980. Kitabu kikatoka 1981. Miaka ya Bechu imo katikati ya kipindi hicho.

12. Je, sisi tunaye Bechu wetu?

Tunao kadhaa, na hawajafukuliwa vya kutosha. M. A. Desai wa East African Chronicle la Nairobi alimsaidia Harry Thuku mwaka 1921 kwa ofisi na mashine za kuchapia. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times mwaka 1933 na akafungwa kwa uchochezi. Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda, alianza kutoa gazeti la Kiswahili liitwalo Kwetu huko Dar es Salaam mwaka 1937. Zarina Patel wa Kenya ameandika maisha ya babu yake, A. M. Jeevanjee, mwanzilishi wa African Standard la Mombasa, na kazi hiyo yafaa kuigwa.

Lakini chukua Kwetu peke yake. Barua za wasomaji wake zingeweza kukusanywa zikachapwa na maelezo, kama Seecharan alivyofanya kwa Bechu. Zimeandikwa kwa lugha yetu. Hatuhitaji mkalimani wala ruhusa ya mtu.

## Kwa wanaotaka kuifanya kazi hii

13. Magazeti hayo yako wapi leo?

Sehemu kubwa ya magazeti ya makoloni ya Waingereza iko British Library, kwa kuwa nakala zilipelekwa London. Nyingine ziko kwenye hifadhi za taifa za nchi husika, nyingi kwa mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa kwenye filamu. Digital Library of the Caribbean, iliyoanza mwaka 2004, imeweka magazeti mengi ya Karibi kwenye intaneti bila malipo. Magazeti madogo ya Wahindi wenyewe, kama Koh-i-Noor Gazette la Trinidad la mwaka 1898 au East Indian Weekly lililoanza 1928, hayapatikani kirahisi kama yale makubwa.

14. Si nitafute tu jina kwenye kompyuta?

Anza hivyo, usiishie hapo. Programu ya kusoma herufi hukosea kwenye karatasi iliyofifia. Makarani waliandika majina ya Kihindi kwa kadiri walivyosikia, kwa hiyo mtu mmoja ana tahajia tatu au nne. Wengi walitumia majina ya kubuni, kama unavyoona kwenye swali la 8. Ukitafuta “Naipaul” tu, “The Pundit” atakupita.

Na kutafuta kwa neno kunakunyima majirani wa makala. Bei ya sukari, ratiba ya meli, tangazo la mtoro anayesakwa: hivyo ndivyo vilivyokuwa mbele ya macho ya msomaji wa Bechu.

15. Gazeti la mkoloni litaaminikaje?

Liamini kama unavyomwamini shahidi mwenye upande. Linapotaja idadi ya waliopigwa risasi, linganisha na ripoti ya serikali na ushahidi wa tume. Linapomtukana mtu, uliza alisema nini hata likakasirika vile. Mara nyingi matusi ndiyo yanayokuelekeza kwenye barua uliyokuwa hujaiona.

16. Maneno ya matusi na chuki niyafanyeje? Nikichapa upya niyafute?

Usifute. Andika *kuli* pale ilipoandikwa, na katika maelezo yako mwenyewe tumia neno la heshima. Hali ngumu zaidi ni pale mwandishi unayempenda anapowadharau wengine: watu wa tabaka la chini, Waislamu, au Waafrika waliokuwa jirani zake. Magazeti ya Karibi yamejaa hayo, na ya Nairobi pia. Sentensi ya namna hiyo iache mahali pake na uieleze. Ukiikata, umemtengeneza mtu ambaye hakuwahi kuishi, na mjukuu wa aliyetukanwa atakapoiona nakala ya asili hatakuamini tena kwa lolote.

17. Nina magazeti ya babu kwenye sanduku. Nifanye nini?

Usiyakunje wala kuyanyoosha kwa nguvu. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ina asidi, nayo hukauka na kumeguka. Usitumie gundi ya utepe hata kidogo. Mafuta yake huacha doa lisilotoka. Yaondoe juani na penye unyevu, yalaze bapa kwenye boksi safi.

Kisha yapige picha kwa simu, kurasa zote pamoja na matangazo, kwa mpangilio wa tarehe, mwanga ukitoka upande wa dirisha. Andika yalikuwa ya nani na yalipatikana wapi. Ukimaliza, zungumza na hifadhi ya nyaraka ya taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu kabla ya kuyauza au kuyagawa. Seti iliyotawanyika ni shida kuirudisha pamoja, na inawezekana toleo ulilonalo ndilo lenye barua anayoitafuta mtu.